Aliyevikwa Ngozi ya Simba

Katika Saint Maud, filamu ya kutisha ya Kiingereza ya mwaka 2019, ambayo Rose Glass aliifanya kwa fedha chache ikawa ndiyo filamu yake ndefu ya kwanza, Maud, muuguzi kijana anayemtunza mcheza dansi mgonjwa wa saratani husadiki kwamba Mwenyezi Mungu anasema naye. Kwa ajili ya sauti hiyo hujiadhibu kwa kutembea na pini viatuni, kisha humuua yule aliyekabidhiwa kumhudumia. Filamu hii haihitaji jitu la kuogofya, maana uso wa mtu mwenye yakini unatosha kumtia mtazamaji baridi. Nauliza swali ambalo filamu imeliacha wazi: atendaye uovu huku moyo wake ukimwambia kuwa nguvu nyingine inamwendesha, dhima ni ya nani?

Mkoa wa Singida ulikwisha kulikabili swali hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940, zama za utawala wa Waingereza, watu wengi waliokotwa maiti katika wilaya ya Singida, miili yao ina majeraha kama ya kucha, na habari ikaenea kwamba ni simba. Lakini wengi hawakuridhika kwamba ni simba wa mwituni. Wanyaturu walinena juu ya mbojo, binadamu aliyevikwa ngozi ya simba na kutawaliwa na mchawi hata asibakiwe na hiari, ambaye mwenye husuda au kisasi aliweza kumkodi ili amwondolee hasimu wake. Na ilisimuliwa kwamba baadhi ya mbojo walitekwa wangali wadogo, wakafichwa gizani mpaka utu ukawatoka. Serikali ilikamata watu, wanaume kwa wanawake, ikawashtaki, na baadhi yao wakanyongwa.

Sharia ya Kiislamu haimkalifishi asiye na akili, wala mtoto, wala aliyelala. Na Kanisa Katoliki nalo hufundisha kwamba dhambi ya mauti hutaka ujuzi na ridhaa. Basi mbojo, ikiwa alikuwapo kwa namna alivyosimuliwa, alinyang'anywa vyote viwili, na damu aliyoimwaga yamrudia kwanza aliyemfungia gizani, na pamoja naye yule aliyelipa. Maud ni mgumu zaidi kumhukumu, kwa sababu hakufungwa na mtu. Giza lake alilipalilia mwenyewe kwa sala, katika upweke ambao hapana jirani aliyebisha hodi kuuvunja. Mimi sithubutu kumhesabia hatia yote, wala siwezi kumwondolea yote.

Hata hivyo Singida yatufundisha jambo ambalo filamu haikuligusa, nalo ni hofu ya wale waliosalia hai. Nchi ile ilikuwa na simba wa kweli pia, na jeraha la ukucha kifuani mwa maiti halisemi limefanywa na mnyama au na mkono wa mtu. Harold Schneider, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyaturu, aliona kisa hiki kinastahili kupimwa upya katika makala yake ya mwaka 1962. Palipo na shaka ya namna hiyo, anayesema juu ya mshtakiwa "nilimjua kwa macho yake" hutoa ushahidi wa moyo wake mwenyewe, na ushahidi huo waweza kumpeleka kitanzini asiye na kosa.

Ushahidi wa macho haukukoma na ukoloni. Kaskazini ya Singida, katika nchi ya Wasukuma, wako vikongwe waliouawa kwa kuwa macho yao ni mekundu, ilhali wekundu huo waweza kuwa ni wa moshi wa kuni na samadi walioupuliza jikoni umri wao wote; na hayo yametukia ijapokuwa sheria ya uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, imeharimisha mtu kumwita mwenziwe mchawi. Muuaji wa kikongwe hana udhuru wa mbojo. Akili anayo, panga amelinoa mwenyewe, na mara nyingine amelipwa na jamaa wa marehemu wenye kutamani shamba. Imamu na mchungaji wanaoitwa kumzika bibi huyo wana haki ya kuyasema haya wazi mbele ya waombolezaji, hata kama aliyelipa amesimama miongoni mwao.