Mistari Isiyoonyesha Kitu

Je, mchoro usioonyesha kitu una haki ya kuitwa kazi ya akili? Tunauliza hivi kwa sababu katika masomo ya kuchora tulilelewa kusema: chora chungu, chora ndizi, chora nyumba. Mtoto akileta mistari mitupu anapata zero. Na mkubwa akikuta mistari ya namna ile katika kitabu cha wazungu, anacheka: «Ile hata mtoto wa matenele anaweza!»

Tuchukue Agnes Martin, mama aliyezaliwa Kanada mwaka 1912 na kufa Marekani mwaka 2004. Miaka mingi alichora kwa krayoni na rula fupi, kwenye karatasi na kwenye vitambaa vya karibu metre 1,83 kila upande: mistari ya kulala, mistari ya kusimama, basi. Hakuna mtu, hakuna nyama, hakuna mlima. Ukisogea karibu unaona fasi mkono ulipotetemeka kidogo. Ukirudi nyuma, yote inageuka kama ukungu wa asubuhi. Mwenyewe alieleza kwamba mchoro wa namna hiyo ulimjia alipokuwa akiwaza juu ya miti, jinsi isivyo na hatia. Lakini ndani yake hamna mti hata mmoja.

Sasa turudi kwetu, Ituri, maana huku miti si ya kuwaza tu. Kwa Bambuti, wanaume ndio wanapiga gome la ndani la mti kwa nyundo mpaka linalainika na kuwa nguo. Wanawake ndio wenye kuchora, kwa kidole ao kwa kijiti, na maji meusi ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Mama anakunja nguo juu ya magoti, anachora sehemu moja, anaikunjua, anaendelea. Ndiyo maana mistari inasongamana upande huu, kisha inakatika ghafla, na fasi kubwa inabaki tupu. Ile fasi tupu si uvivu. Ni yeye aliyeamua ibaki.

Wageni walipofika waliuliza: «Hii ni nini?» Wakajibiwa: kipepeo, nyoka, chui, wavu. Wakaandika, wakafurahi kwamba wamepata maana. Sisi tunaona walienda mbio. Wamama wa soko zetu wanapatia vitenge majina, ya mapenzi, hata ya kumchokoza mke-mwenza, lakini maua ya kitenge hayasemi neno lile. Jina ni la kuitia tu. Tena, tusikilize nyimbo za Bambuti: sauti nyingi zinapokezana, mara nyingi karibu bila maneno, na hakuna anayesimamisha waimbaji kuwauliza wimbo unaonyesha nini. Kwa nini sikio tulipatie uhuru na jicho tulinyime?

Hapa si mambo ya michoro peke yake, ni heshima ya watu. Majirani wengi wanawaita Bambuti watu wa pori, eti hawajui kuchora, wanakwaruza tu. Anayesema hivyo anasema pia kwamba hawawazi. Na wakati uleule vitambaa vya Agnes Martin, vyenye mistari mitupu, vimeuzwa kwa mamilioni ya dola, na ni vizuri, hatumwonei wivu marehemu. Nguo za Ituri nazo zilisafiri. Ziko katika makumbusho na nyumba za matajiri, Ulaya na Marekani, na mara nyingi chini yake pameandikwa tu: Mbuti, Ituri.

Wengine watatuambia kwamba nguo ile ilikuwa ya kambi nzima, ya kuvaa wakati wa elima, msichana anapovunja ungo, kwa hiyo haikuhitaji jina la mtu. Jibu hilo hatulikubali upesi. Kambi ni ndogo. Watu wanajuana mpaka kwa nyayo, sembuse kwa mkono wa kuchora? Wanawake wawili wakikalia nguo moja, kila mmoja anajua mstari wake uliishia wapi na wa mwenzake ulianzia wapi. Jina lilikuwapo. Aliyenunua hakuliuliza.