Kiongozi Anaposema, Moyo Wangu Umechoka

Sisi tusomao Kitabu cha kwanza cha Wafalme twamjua Eliya, jinsi alivyoketi chini ya mretemu akataka kufa. Muda mfupi kabla ya hapo alisimama imara juu ya Karmeli mbele ya Israeli. Sasa nguvu zimemwisha, wala hana hamu ya kuishi. Angalieni jinsi Mungu alivyomtendea. Hakumvua unabii wake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha mara ya pili. Kisha akampa safari, na kazi, na Elisha wa kumhudumia.

Twalikumbuka neno hili tutazamapo vyama vya siasa. Navyo vina viongozi, na viongozi hao ni wanadamu. Mmoja wao akiungama kwamba anaugua moyoni, au kwamba ameshindwa na kileo, chama chake humtendeaje?

Mwezi wa Julai 1972, huko Marekani, George McGovern wa chama cha Democratic alikuwa akigombea urais, akamchagua Seneta Thomas Eagleton wa Missouri agombee pamoja naye umakamu wa rais. Eagleton alikuwa amelazwa hospitali mara tatu kati ya mwaka 1960 na 1966 kwa ugonjwa wa sonona, yaani huzuni nzito imshikayo mtu hata asiweze kazi yake, naye alitibiwa kwa umeme. Alipochaguliwa hakuutaja ugonjwa huo. Habari zilipokuwa karibu kuenea, akaungama hadharani. McGovern alitangaza kwamba yu pamoja naye kabisa. Lakini watu walipoanza kuhesabu kura, msimamo huo haukudumu, na siku ya 18 tangu kuchaguliwa Eagleton akajiondoa. Wala waliomtaka aondoke hawakukipata walichokitafuta: mwezi wa Novemba McGovern alishindwa katika majimbo 49 kati ya 50. Bali watu wa Missouri, waliomjua mtu wao, walimrudisha Eagleton katika Seneti mwaka 1974, na tena mwaka 1980.

Uingereza nako, Charles Kennedy aliongoza chama cha Liberal Democrats tangu mwaka 1999, na katika uchaguzi wa 2005 chama chake kilipata viti 62 bungeni. Kwa muda mrefu alikana kwamba kileo kimemtawala. Tarehe 5 Januari 2006 alisema kweli mbele ya watu wote, akaeleza kwamba ametafuta matibabu. Tarehe 7 alikuwa ameacha uongozi, kwa kuwa wabunge wenzake wengi walikataa kuwa chini yake. Akafa mwaka 2015.

Hatusemi kwamba asiyeweza kazi aachiwe kazi. Watu wa chama wana haki ya kuongozwa na mtu aliye macho. Tena kukana jambo lililo kweli ni dhambi, hata kwa mgonjwa. Lakini ni nani aliyewafundisha watu hawa kuficha? Mtu aonaye kwamba mwenzake aliyesema ametupwa, yeye atanyamaza. Na siku siri yake itakapofunuliwa, wale wale waliomtia hofu watamhukumu kwa kunyamaza kwake.

Wala tusiwacheke wanasiasa. Mwinjilisti wa usharika wetu akija kwa wazee akasema, halali usiku, na maneno ya mahubiri yamemkauka, je, tutamwuliza kwanza amekula nini na amepumzika lini? Au tutatazamana, na kabla ya Jumapili jina lake liwe limefika kisimani?

Huko Norwei ilitendeka vingine. Kjell Magne Bondevik, mchungaji wa Kilutheri aliyebarikiwa, alikuwa Waziri Mkuu tangu mwaka 1997, akiongoza serikali ya vyama vitatu isiyokuwa na wingi bungeni. Mzigo wa namna hiyo waweza kumlemea hata mwenye mgongo mpana. Tarehe 31 Agosti 1998 watu wa nchi walitangaziwa kwamba Waziri Mkuu anapumzika kwa sababu ya sonona. Hakuna aliyesema ni homa, wala safari. Yafaa tuangalie neno moja hapa, kwa maana ndilo liliwezesha mengine yote: palikuwa na mtu wa kuishika kazi. Mama Anne Enger Lahnstein, wa chama kingine katika serikali ile, alikaimu cheo hicho, na mgonjwa akapata kulala na kutibiwa. Baada ya majuma matatu na nusu hivi Bondevik alirudi, na mama yule akamwachia kiti chake. Serikali hiyo iliondoka mwaka 2000 kwa ugomvi juu ya mitambo ya umeme wa gesi, si kwa ugonjwa wa mtu. Na mwaka 2001 Bondevik akawa Waziri Mkuu mara ya pili, akadumu hata mwaka 2005.