Mtaka cha Mvunguni

Kijana mmoja wa Ahero, mwenye leseni ya redio ya ridhaa, alikuwa na nia njema. Mto Nyando ukifurika, maji huvamia mashamba ya mpunga na nyumba za watu. Alitaka vipimo vya mto vifike Kisumu hata umeme na simu vikizimika. Njia yake ilikuwa redio ya pakiti: kompyuta huandika ujumbe, modemu huugeuza kuwa sauti, redio huurusha hewani. Njia hiyo ilikwisha kusaidia watu. Miaka ya 1990, shirika la SatelLife liliwapelekea wahudumu wa afya wa Afrika barua kwa setilaiti ya UoSAT-3, iliyorushwa mwaka 1990.

Mvua za masika zilipokaribia, aliunganisha vyombo. Modemu ikawaka taa, lakini kwenye kompyuta hakuna herufi iliyotokea. Usiku huohuo alibadilisha programu, kasi, adapta ya USB na mipangilio ya redio, vyote kwa pamoja, bila kuandika chochote. Asubuhi hakujua tena alikoanzia. Akaamua modemu imekufa, akaifungua, akaanza kulehemu.

Mto ulipofurika, kituo chake kilikuwa kimya.

Maji yalipopungua, alimwita fundi mzee. Mzee hakugusa modemu. Alichomoa kebo ya siriali kwenye adapta, akaunganisha pini ya 2 na ya 3 za adapta kwa kipande cha waya, akapiga herufi. Herufi zikarudi kwenye skrini. Akairudisha kebo, akaunganisha pini zilezile kwenye ncha yake ya mbali. Kimya. Akainama mvunguni mwa meza: panya walikuwa wameitafuna kebo.

"Lakini mzee, modemu nayo ni mbovu," kijana akasema.

"Sasa ndiyo mbovu, kijana wangu. Uliiharibu wewe ulipoifungua."

Wewe unayeshughulika na vyombo hivi, fuata njia ya mzee: anzia kwenye kompyuta, uende kiungo kwa kiungo. Hakikisha programu inatumia namba sahihi ya mlango wa COM, maana ukihamisha adapta ya USB namba huweza kubadilika. Herufi zikija zimevurugika, linganisha kasi ya kompyuta na ya modemu, kwa mfano 9600 pande zote mbili. Usiichanganye na 1200, kasi inayotumika sana hewani. Modemu isipojibu amri, huenda iko katika hali ya KISS, ambayo haijibu amri za kawaida; haijafa. Redio iwe ya mwisho, na usirushe bila antena.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichokiona. Na ufanye hayo wakati wa kiangazi, kila mwezi, mpaka ujumbe ufike Kisumu na ujibiwe. Jirani aliye bondeni hana faida na kituo kinachotengenezwa maji yakiwa mlangoni.