Jicho la Mpelelezi

Katika filamu ya Sapphire, iliyoongozwa na Basil Dearden na kutoka Uingereza mwaka 1959, maiti ya msichana aitwaye Sapphire inaokotwa Hampstead Heath, kaskazini mwa London. Polisi wanaandika wanachokiona: mwanafunzi wa muziki, mzungu, amechomwa kisu. Kisha ofisini kwa Mrakibu Hazard, anayeongoza upelelezi, anaingia kaka yake, Daktari Robbins, naye ni mweusi. Maiti haijabadilika hata unywele mmoja. Upelelezi wote, hata hivyo, unageuka: watuhumiwa wanakuwa wengine, mitaa ya kutafutia inakuwa mingine, na mwenye nyumba alikopanga marehemu anajiona ametapeliwa.

Kama ngozi ileile inaweza kuwa nyeupe asubuhi na nyeusi jioni, basi kilichoonwa ni kitu gani? Tumezoea kudhani kwamba mbaguzi haoni sawasawa, kwamba akifumbuliwa macho atapona. Filamu hii inanifanya niamini kinyume chake. Hukumu hutangulia, macho huitwa baadaye kuja kuitolea ushahidi, na kwa kawaida hayakatai.

Hapo ndipo filamu ya upelelezi inapobanwa. Kazi ya mpelelezi ni kusoma dalili, kutoka kidogo kinachoonekana hadi kikubwa kilichofichika. Mbaguzi naye husoma vivyo hivyo, kutoka rangi ya mkono hadi tabia ya mtu. Kinachowatenganisha ni kimoja tu: mpelelezi wa kweli hukubali ushahidi umkanushe. Ukuta huo ni mwembamba, na Janet Green, aliyeandika mswada, hakuulinda kila mahali. Chini ya sketi ya kiheshima ya Sapphire polisi wanakuta gagulo jekundu, nao wanalitazama kana kwamba siri imevuja: nje binti mtulivu, ndani mtu mwingine kabisa. Katika klabu ya usiku ngoma zinapigwa, na mwenye klabu anaeleza kwamba mdundo huwaumbua wasichana wanaojifanya weupe, maana miguu haijui kusema uongo. Kamera inateremka kwenye miguu hiyo kumthibitishia maneno yake. Yaani filamu iliyokuja kuushitaki ubaguzi imeazima imani kongwe ya mbaguzi, kwamba damu ina sauti yake na mwenye sikio ataisikia. Sidhani ni unafiki. Ni mazoea ya aina hii ya hadithi: ukishaamua kwamba kila kitu ni dalili, hata mtu anakuwa dalili. (Na Sapphire mwenyewe tunamkuta ameshakufa, hawezi kujieleza.)

Ghasia za Notting Hill, ambapo wazungu waliwashambulia weusi wa London, zilikuwa zimetokea mwishoni mwa Agosti 1958, na watazamaji wa kwanza hawakuhitaji kuelezwa Inspekta Learoyd, msaidizi wa Hazard, anasema nini anapotaka weusi warudishwe walikotoka. Hazard anamjibu kwamba ukiandaa mazingira yanayofaa unaweza kuwachochea watu dhidi ya yeyote, wawe Wayahudi, Wakatoliki au hata polisi wenye miguu mikubwa. Jibu ni zuri, ila halimgusi Learoyd. Chuki haikuingia kwa hoja, itatokaje kwa hoja?

Kinachonifanya niiheshimu filamu hii ni namna muuaji anavyopatikana. Haumbuliwi na gagulo wala ngoma. Hazard anamwingiza Daktari Robbins, mtu mpole aliyechezwa na Earl Cameron wa Bermuda, katika nyumba ya akina Harris, wazazi wa mchumba wa Sapphire. Robbins hamtuhumu mtu. Anashika tu kitu cha kuchezea cha mabinti wa Mildred, dada wa mchumba huyo, na Mildred analipuka, anamwaga chuki yote pamoja na kukiri. Kwa mara ya kwanza anayesomwa ni mzungu, tena mwenye adabu zake, katika sebule yake safi. Mkono mweusi haukuwa dalili ya chochote. Mwishoni Hazard anakiri kwa Learoyd kwamba hawakutatua lolote.

Nje ya sinema, tarehe 17 Mei mwaka huohuo wa 1959, Kelso Cochrane, seremala kutoka Antigua, alichomwa kisu Notting Hill na kundi la vijana wa kizungu. Polisi waliharakisha kusema kwamba kisa kilikuwa wizi, si rangi. Hakuna aliyewahi kutiwa hatiani.