Rangi Juu ya Ukuta Mbichi

Bomba lilipasuka ndani ya ukuta wa nyumba ninayopangisha Amalemba, hapa Kakamega. Fundi akaliziba, kisha akasema, "Plasta iliyolowa tuibandue, madirisha yakae wazi, tungoje wiki kadhaa. Na mvua hii ya kila alasiri, ukuta haukauki upesi."

Wiki kadhaa bila kodi! Nikamwambia apake rangi tu.

"Nitapaka, bosi. Lakini nani atalala humu?"

Jumamosi alikuwa anahamia mama mwenye mtoto wa pumu.

Nilijitetea: kupaka rangi si kusema uongo, sijatamka neno. Lakini rangi ile ingesema "pakavu" kwa niaba yangu, huku maji yaliyofungiwa ndani yakirudi kama kuvu kwenye kifua cha mtoto. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Hakisemi nani alipie wiki za kungoja. Naona ni yule anayejua ukuta ni mbichi.

Nilimpigia yule mama simu, nikamweleza. Akashukuru, akatafuta kwingine. Huenda huko nako kumepakwa rangi juzi.