Je, Vita Vinaweza Kubeba Mema Yetu?



Kuna neno ambalo nalisikia mara nyingi katika makazi yetu, kwenye foleni ya mgao, bombani, hata nje ya kanisa baada ya ibada. Mtu anasema: "Vita ni vibaya, lakini hivi vya sasa vitatuletea haki. Vikiisha tutapata shule, mashamba na serikali nzuri." Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi wao wanapenda watoto wao na wamechoka kungoja. Kwa hiyo neno lao linastahili jibu la utaratibu, si la hasira.

Swali ni hili: mtu anayetaka mema ya kweli, je, anaweza kuyapakia juu ya mgongo wa vita na kuyafikisha salama? Siulizi leo kama mtu anaruhusiwa kujilinda anaposhambuliwa. Hilo ni somo lingine. Nauliza juu ya yule anayeiona vita kama gari la kupeleka haki.

Nitachukua mfano wa Marekani ya miaka mia moja na zaidi iliyopita. Nimechagua mbali makusudi, kwa sababu huko hatuna kabila wala ndugu wa kutetea.

1. Watu waliotaka mema

Kuanzia miaka ya 1890 Marekani ilikuwa nchi ya viwanda vikubwa. Wahamiaji walifika kwa mamilioni kutoka Italia, Urusi, Ugiriki na nchi nyingine, wakajazana katika miji kama New York na Chicago. Watoto walifanya kazi migodini na katika viwanda vya nguo. Tarehe 25 Machi 1911 kiwanda cha mashati kiitwacho Triangle, mjini New York, kilishika moto. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji.

Mungu aliwainua watu waliosema hali hiyo haiwezi kuendelea. Jane Addams, binti wa familia yenye mali, alifungua nyumba iitwayo Hull House katika mtaa wa maskini huko Chicago mwaka 1889, yeye na rafiki yake Ellen Gates Starr. Walikaa humo pamoja na majirani wahamiaji. Walilea watoto ambao mama zao walikuwa kiwandani, walifundisha lugha, walifungua mabafu na uwanja wa michezo. Takataka za mtaa zilipoleta magonjwa, Addams mwenyewe akawa msimamizi wa uzoaji takataka mwaka 1895, akawa anafuata magari ya taka tangu alfajiri.

Upande wa kanisa alikuwako Walter Rauschenbusch, mchungaji wa Kibaptisti, mtoto wa wahamiaji Wajerumani. Alichunga kusanyiko la maskini huko New York tangu 1886 kwa miaka kama kumi na mmoja, na alizika watoto wengi mno. Mwaka 1907 alitoa kitabu kilichowaambia Wakristo kwamba dhambi haikai moyoni tu, inakaa pia katika mishahara, nyumba na sheria. Sisi tuliopita chuo cha Biblia tunayajua mafundisho yake kwa jina la injili ya jamii.

Watu hao na wenzao waliitwa wanamageuzi. Kazi yao ilikwenda polepole, lakini ilikwenda. Mwaka 1916 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuzuia biashara ya bidhaa zilizotengenezwa kwa kazi ya watoto.

2. Vita vikapiga hodi

Vita Kuu ya Kwanza ilianza Ulaya mwaka 1914. Haikubaki huko. Hata eneo hili letu iliguswa: mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji, yenye askari na wapagazi wengi wa Kongo, yaliteka Kigoma na Tabora kutoka kwa Wajerumani. Wazee wetu walibeba mizigo ya vita ambavyo hawakuulizwa.

Mwezi wa Aprili 1917 Rais Woodrow Wilson, ambaye naye alihesabiwa kuwa mwanamageuzi, aliliomba Bunge liingie vitani. Alisema kusudi si kuteka nchi ya mtu, bali kuifanya dunia iwe mahali salama kwa demokrasia. Maneseta 6 na wabunge 50 walikataa, pamoja na Jeannette Rankin, mwanamke pekee bungeni. Walio wengi walikubali.

Hapo wanamageuzi wakagawanyika. John Dewey, mwanafalsafa mkubwa na rafiki wa Jane Addams wa miaka mingi, aliunga mkono vita. Usimdharau, maana hoja yake ilikuwa na akili. Alisema kwamba vita vimeshakuja, basi watu wenye hekima waingie ndani yake na kuvielekeza kwenye mema. Vita vitailazimisha serikali kupanga uchumi, kuwasikiliza wafanyakazi na kuweka mahitaji ya watu wote mbele ya faida ya wachache. Yale tuliyoyaomba kwa miaka thelathini tutayapata kwa miaka miwili.

Aliyemjibu ni mwanafunzi wake wa zamani, kijana Randolph Bourne, mtu mwenye ulemavu wa mgongo na uso. Mwaka 1917 aliandika kwamba ikiwa huna nguvu ya kuvizuia vita, utapata wapi nguvu ya kuviongoza ukishakuwa ndani? Gazeti lililochapisha maandiko yake lilipoteza mfadhili na kufungwa mwaka huohuo. Bourne alikufa kwa homa kuu ya mafua Desemba 1918, akiwa na miaka 32.

3. Vita vilitoa nini, vilichukua nini

Tuwe wa haki. Vita vilitoa baadhi ya vitu alivyotarajia Dewey. Serikali ilishika uendeshaji wa reli mwishoni mwa 1917. Mwaka 1918 iliunda bodi iliyotetea haki ya wafanyakazi kuwa na chama chao na siku ya kazi ya saa nane. Ilijenga hata nyumba za wafanyakazi.

Sasa tazama upande wa pili wa daftari. Mwaka 1917 ilitungwa Sheria ya Ujasusi, na mwaka 1918 ikaongezwa nyingine ya kuadhibu maneno yanayoikashifu serikali au jeshi. Zaidi ya watu 2,000 walishtakiwa. Eugene Debs, kiongozi wa wafanyakazi, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa sababu ya hotuba moja aliyoitoa Canton, Ohio, Juni 1918. Watu wa asili ya Kijerumani, walioishi kwa amani na jirani zao miaka yote, walianza kutazamwa kama wapelelezi. Shule nyingi zilifuta lugha yao. Usiku mmoja wa Aprili 1918 katika mji wa Collinsville, Illinois, kundi la watu lilimkamata Robert Prager, mchimba makaa mzaliwa wa Ujerumani, likamnyonga. Watu 11 walishtakiwa, na wote wakaachiliwa.

Makanisa nayo hayakupona. Mimbara nyingi ziliwahimiza vijana kujiandikisha na kuwauzia waumini hati za mkopo wa vita. Rauschenbusch alikataa kuwachukia watu wa damu ya wazazi wake, akashukiwa kuwa adui. Alikufa Julai 1918, moyo wake ukiwa umevunjika.

Na ile sheria ya watoto? Mahakama Kuu iliifuta Juni 1918, katikati ya vita vilivyosemekana kuwa vya haki.

Vita vilipokwisha, vilichukua hata zawadi zake. Bodi ya kazi ilivunjwa mwaka 1919. Mgomo mkubwa wa wafanyakazi wa chuma mwaka huo ulishindwa. Reli zilirudishwa kwa wenyewe mwaka 1920. Lakini hofu haikurudishwa ilikotoka. Wahamiaji walisakwa nyumbani na mikutanoni, na Desemba 1919 watu 249 walipakiwa katika meli moja na kufukuzwa nchini. Mwaka 1921 na 1924 zilitungwa sheria za kufunga mlango kwa wahamiaji.

Ndugu zangu, sisi tunaojua maana ya mlango kufungwa, tuliangalie hilo vizuri. Wanamageuzi walianza kazi yao kwa ajili ya mhamiaji. Wengine wao wakakubali vita ili kazi hiyo iende haraka. Mtu wa kwanza kuumia na vita hivyo pale nyumbani alikuwa yuleyule mhamiaji. Gari lilifika, lakini abiria alikuwa amekanyagwa na magurudumu yake.

4. Mtu atapinga

Mtu atasema: "Mchungaji, mbona wanawake wa Marekani walipata kura mwaka 1920, baada tu ya vita? Hata Wilson aliwaambia maseneta kwamba kura hiyo inahitajika kwa ajili ya vita." Ni kweli, alisema hivyo mwaka 1918. Lakini wanawake hao walikuwa wamekutana na kudai kura tangu 1848. Miaka sabini ya mikutano, maombi na kutembea nyumba kwa nyumba ndiyo iliyotayarisha shamba. Vita vilipita wakati wa mavuno na kudai kwamba vimelima.

Linganisha na marufuku ya pombe, ambayo makanisa mengi yaliipigania. Nayo ilikuwa na historia ndefu, lakini vita viliisukuma kwa haraka: nafaka iokolewe, na wenye viwanda vya bia wana majina ya Kijerumani. Ikaingia katika katiba mwaka 1919 na kuanza kutumika 1920. Mwaka 1933 ilifutwa. Sheria ilipita kabla mioyo ya watu haijakubali, na kilichosukumwa na chuki hakikuwa na mizizi chuki ilipopoa.

Na wale watoto wa viwandani? Siku ya moto wa Triangle, kijana mmoja mfanyakazi wa jamii, Frances Perkins, alisimama barabarani akiona wasichana wakiruka kutoka madirishani. Hakusahau. Alifanya kazi katika kamati, ukaguzi na ofisi, hadi mwaka 1933 akawa waziri wa kazi. Mwaka 1938 sheria ya taifa ya kuzuia kazi ya watoto na kuweka mshahara wa chini ilipita. Ilichukua miaka 27, na sheria hiyo ipo hadi leo.

5. Neno la Mungu latuonyesha njia

Soma Mathayo sura ya 4. Shetani alimwonyesha Bwana falme zote za dunia, akamwahidi kumpa. Fikiri kidogo. Yesu hakuwa na nia mbaya na falme hizo. Alikuja kuokoa watu waliomo. Kilichoharibika ni njia: kusujudu mara moja tu, kisha mema yote yaanze kesho. Bwana alikataa njia hiyo, akachukua ndefu, yenye wanafunzi kumi na wawili na msalaba.

Katika Warumi 3 Mtume Paulo anawakemea wale wanaosema tufanye maovu ili mema yaje. Kwa nini kosa hilo ni kubwa? Kwa sababu mema si mzigo wa mahindi usiojali umebebwa na nani. Haki ni tabia ya watu wanaoishi pamoja. Ukiwafundisha miaka miwili kuchukia, kunyamaza na kushuku, wakati wa amani utajenga kwa kutumia watu gani? Ni haohao uliowafundisha.

Basi tukae tu? Hapana. Jane Addams hakukaa. Mwaka 1915 aliongoza mkutano wa wanawake huko The Hague, akapita miji mikuu ya Ulaya akiwasihi watawala wapatane. Nchi yake ilipoingia vitani hakubadili msimamo. Magazeti yaliyomsifu yalimtukana. Lakini alizunguka akiwahimiza watu wahifadhi chakula, ili wenye njaa ng'ambo wapate kula. Mwaka 1919 alikwenda Ujerumani pamoja na ndugu wa Kanisa la Marafiki, ambalo wengi wetu tunalijua kutoka Burundi na Kongo, kuona watoto wa waliokuwa maadui wakifa njaa, akarudi kuwaombea chakula. Mwaka 1931 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Dewey naye, baada ya kuyaona matunda, alitumia miaka iliyofuata kuunga mkono juhudi za kuifanya vita iwe haramu kwa sheria.

Wazazi, kijana wako akiambiwa kwamba bunduki itamletea mdogo wake shule, muulize swali la Bourne: je, wewe utaviongoza vita, au vita vitakuongoza wewe? Kisha usimwache na swali tu. Mpe kazi ya mema iliyo karibu: darasa la jioni, kamati ya maji, kumtembelea jirani wa kabila lile jingine. Ni kazi ndogo na inachosha. Lakini tukirudi nyumbani tutakuwa tumebeba watu wanaojua kuishi pamoja, na hao ndio nchi inawahitaji.

Kwa vikundi vya nyumbani, jadilini haya:
(a) Ni mema gani tunayotamani kiasi cha kutojali njia ya kuyapata?
(b) Katika makazi yetu, nani angeumia kwanza kama chuki ingeingia?
(c) Ni kazi gani moja kundi letu linaweza kuianza mwezi huu?

Bwana awabariki na kuwalinda ninyi na watoto wenu. Amina.

Mchungaji wenu