Sheria Haiungui

Walimu wa Wayuda waliifafanua Sheria ya Musa, wakikariri kwa kichwa. Ndipo mafundisho yao yakaandikwa katika kitabu kiitwacho Talmud. Tangu 1520 hata 1523 Daniel Bomberg, Mkristu wa Antwerpen, alikipiga chapa chote mjini Venezia, kwa ruhusa ya Papa. Lakini mwaka 1553, kwa amri ya wakubwa wa Kanisa, Talmud ilichomwa hadharani mjini Roma. Vitabu kamili vya Bomberg vimebaki vichache mno. Je, Sheria iliungua? Hasha! Wazazi walikwisha kuitia mioyoni mwa watoto. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisikitikia chuki na mateso waliyotendewa Wayuda, taifa lake Bwana Yezu.

Basi mkatekumeni ajiulize: katekisimu yangu ikiungua usiku huu, Amri za Mungu zitabaki moyoni?